Dokezo Lisilo na Tarehe: Uchambuzi wa Kisa cha API ya Chemsha Bongo

Mchezaji mmoja wa programu yetu ya wavuti alituandikia ujumbe mfupi na wa upole, akieleza kwamba alikuwa ameulizwa ni nchi gani iliyo kubwa kuliko zote barani Afrika kwa eneo, akajibu Algeria, na programu ikamwambia kwamba amekosea kwa kuwa jibu sahihi ni Sudan. Hakudai arudishiwe pointi zake. Alitaka tu kujua ni chanzo gani tulichokitegemea. Ninakiandika kisa hiki kwa ukamilifu kwa sababu swali lake lilitufikisha mahali ambapo hatukutarajia kufika: tulilazimika kukiri kwamba kosa halikuwa katika jibu moja, bali katika namna tulivyoipokea data nzima.

Data hiyo inatokana na kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho Jeopardy!, kilichobuniwa na Merv Griffin na kurushwa kwa mara ya kwanza Machi 30, 1964, na ambacho kwa sura yake inayofahamika leo kimekuwa kikirushwa tangu Septemba 10, 1984. Kwa msanidi programu kipindi hiki ni hazina, kwa sababu umbo lake limetulia kwa miongo mingi. Kuna raundi mbili, kila raundi ina kategoria sita, kila kategoria ina madokezo matano, kisha linakuja dokezo moja la mwisho, na hivyo mchezo mmoja uliokamilika una madokezo 61. Mshiriki hasomewi swali bali hupewa dokezo lililoandikwa kama kauli, naye hutakiwa kulijibu kwa umbo la swali. Mashabiki wamekuwa wakiyanakili madokezo hayo kwa subira kubwa, na mojawapo ya mafaili yanayotumiwa sana na wasanidi wanaojifunza lina madokezo 216,930 katika muundo wa JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome kwa urahisi. Kila dokezo ndani yake lina sehemu saba: kategoria, thamani, maneno ya dokezo, jibu, raundi, namba ya kipindi na tarehe ya kurushwa.

Sisi tulizichukua nne tu. Programu ndogo niliyoiandika ili kuhamisha faili hilo kwenye kanzidata ilibakiza kategoria, thamani, dokezo na jibu, ikaziacha raundi, namba ya kipindi na tarehe. Sababu yangu wakati ule ilionekana kuwa ya busara: mchezaji anataka kuulizwa na kujibu, hana haja ya kujua kipindi kilirushwa lini, na jedwali lenye safu chache ni rahisi kulieleza kwa wasanidi wengine watakaoitumia API yetu, yaani mlango ambao programu zao hupitia kuomba data kwetu. Nilikuwa nimeshaamua, bila kulitamka hata moyoni, kwamba kila mstari wa faili lile ni swali. Ukweli ni kwamba kila mstari ni kumbukumbu ya jambo lililosemwa siku fulani, katika mchezo fulani, mahali fulani kwenye ubao. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa karibu kila tatizo nitakalolieleza.

Hatua yangu ya kwanza baada ya ujumbe wa yule mchezaji ilikuwa kufungua jedwali, kulifuta neno Sudan na kuandika Algeria mahali pake. Marekebisho hayo yalikuwa mabaya kuliko kosa lenyewe, na inafaa kueleza ni kwa nini, maana ni njia ambayo wengi wetu huikimbilia. Dokezo lilipoandikwa, Sudan kweli ilikuwa nchi kubwa kuliko zote Afrika, na iliendelea kuwa hivyo hadi Julai 9, 2011, siku ambayo Sudan Kusini ilipata uhuru wake. Waandishi wa kipindi hawakukosea, wala mchezaji hakukosea. Mimi, kwa kuibadilisha kumbukumbu, nilikuwa nimeandika jambo ambalo halikupata kusemwa katika kipindi hicho. Zaidi ya hapo, marekebisho ya namna hiyo hayawezi kufika mbali. Fikiria dokezo linaloitaja Sudan kama nchi kubwa kuliko zote barani, kisha likauliza mji wake mkuu ambako Nile mbili hukutana. Jibu lake, Khartoum, bado ni sahihi kabisa. Kilichopitwa na wakati kimo ndani ya maneno ya dokezo, na hakuna utafutaji wa safu ya majibu utakaokigundua.

Mwenzangu tuliyekuwa tukifanya naye kazi alipendekeza kwamba kila dokezo linalohusu mambo yanayobadilika liondolewe kabisa. Nilimwelewa, lakini mfano mmoja ulitufanya tuliache wazo hilo, nalo ni swali linaloonekana kuwa gumu kubadilika kuliko yote: sayari gani iko mbali zaidi na Jua? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa Pluto. Kuanzia Februari 7, 1979 hadi Februari 11, 1999, hata hivyo, Pluto ilikuwa ndani ya njia ya Neptune, kwa hiyo katika miaka hiyo 20 Neptune ndiyo iliyokuwa mbali zaidi. Baada ya hapo Pluto ikarudia nafasi yake, lakini Agosti 24, 2006 Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipitisha maana ya sayari iliyoitoa Pluto kwenye orodha, na Neptune ikawa jibu tena. Jibu la swali moja, lenye maneno yaleyale, limegeuka mara tatu bila mtu yeyote kusema uongo. Mji mkuu wa Kazakhstan una historia inayofanana na hiyo: serikali ilihama Almaty Desemba 1997 ikaenda Akmola, mji huo ukaitwa Astana mwaka 1998, ukaitwa Nur-Sultan Machi 2019, kisha ukarudishiwa jina la Astana Septemba 2022. Msanidi ambaye angesahihisha jibu kwa mkono mwaka 2019 angelazimika kulifuta sahihisho lake miaka mitatu baadaye, na katikati ya hapo angewanyima haki watu walioujua mji huo kwa jina lake la zamani. Kama tungeondoa kila kinachobadilika, tungebaki na hesabu, tahajia na tarehe za vita, nayo ingekuwa chemsha bongo isiyo na ladha.

Tulirudi basi kwenye faili la awali ili kuirejesha tarehe, na hapo ndipo tulipogundua kwamba lalamiko la Sudan lilikuwa na ndugu zake ambao tulikuwa tumewapa sababu tofauti kabisa. Kwa muda mrefu wachezaji walikuwa wakilalamika kwamba ngazi za ugumu hazieleweki: swali la ngazi ya juu linajibika na mtoto, na la ngazi ya chini linamshinda mtu mzima. Tulikuwa tukiitumia thamani ya dokezo kama kipimo cha ugumu, kwa kuwa katika kipindi madokezo hupangwa kutoka juu kwenda chini, mepesi yakiwa na thamani ndogo na magumu yakiwa na thamani kubwa. Lakini thamani haikubaki ileile katika historia ya kipindi. Kabla ya Novemba 26, 2001, raundi ya kwanza ilikuwa na dola 100 hadi 500, na raundi ya pili dola 200 hadi 1,000. Kuanzia siku hiyo kila thamani iliongezwa maradufu. Kwa sababu hiyo dokezo la dola 400 linaweza kuwa la nne katika raundi ya kwanza ya mwaka 1995, la pili katika raundi ya pili ya mwaka huohuo, la pili katika raundi ya kwanza ya mwaka 2005, au la kwanza kabisa katika raundi ya pili ya mwaka huo wa 2005. Nafasi hizo zina viwango tofauti vya ugumu, nazo zote zilikuwa zimewekwa katika kapu moja, kwa sababu zile safu mbili ambazo zingezitenganisha, yaani tarehe na raundi, ndizo tulizozitupa.

Kulikuwa na jambo lingine lililojificha zaidi. Katika raundi ya kwanza dokezo moja, na katika raundi ya pili madokezo mawili, huwa ni Daily Double, ambapo mshiriki huweka dau analolitaka badala ya kucheza kwa thamani iliyoandikwa kwenye ubao. Faili lile huhifadhi dau kama thamani ya dokezo, wala halina alama yoyote ya kuonyesha kwamba hicho ni kiasi cha dau. Dau la dola 3,400 hujifichua lenyewe, kwa kuwa hakuna nafasi yenye thamani hiyo. Dau la dola 1,000 au 2,000 halijifichui, na washiriki hupenda sana kutaja viwango kamili kama hivyo. Njia tuliyoitumia ni kuyakusanya pamoja madokezo yote ya kategoria moja katika mchezo mmoja na kuyatazama kama familia. Ikiwa thamani nne ni dola 200, 400, 800 na 1,000, na ya tano ni dola 1,500, basi ya tano ndiyo iliyokaa mahali pa dola 600. Ikiwa dola 1,000 inaonekana mara mbili na dola 600 haipo, tunajua kwamba mojawapo ni dau, ingawa kwa data hiyo pekee hatuwezi kusema ni ipi. Na ikiwa muda uliisha kabla ya madokezo yote kufunguliwa, pengo linaweza kuwa la dokezo ambalo halikusomwa kabisa. Katika hali hizi mbili za mwisho tuliamua kuiacha nafasi ikiwa tupu. Ninaitetea hatua hiyo kwa dhati, kwa sababu pengo lililoandikwa waziwazi humsaidia msanidi kuliko namba iliyokisiwa, ambayo haionekani tofauti na zile za kweli. Dokezo la mwisho la mchezo nalo halina thamani kabisa, na programu yetu ya kwanza ilikuwa ikiligeuza kuwa sifuri, hivyo kulifanya dokezo ambalo mara nyingi ni gumu kuliko yote lihesabiwe kuwa jepesi kuliko yote.

Kategoria hatukuitupa, lakini tuliiondoa machoni pa mchezaji. Kwenye skrini ya simu ilikuwa inachukua nafasi, nasi tukadhani kwamba ni pambo. Katika Jeopardy! kategoria mara nyingi ni nusu ya dokezo: herufi ikiwekwa ndani ya alama za nukuu katika jina la kategoria, washiriki wanajua kwamba majibu yote yataanza na herufi hiyo au yatakuwa nayo ndani, na dokezo ambalo peke yake lina majibu matatu yanayokubalika hubaki na moja. Ni kweli pia kwamba kategoria haitoi ahadi kamili. Kompyuta ya IBM iliyoitwa Watson, iliyoshindana na Ken Jennings na Brad Rutter Februari 2011 na kuwashinda, ilijibu Toronto katika dokezo la mwisho lililokuwa chini ya kategoria ya miji ya Marekani, wakati jibu lilikuwa Chicago. Wahandisi wake walikuwa wameifundisha kuichukulia kategoria kama ushauri tu, si sharti. Hata hivyo, kati ya kuidharau kategoria kidogo na kuificha kabisa kuna umbali mkubwa, na sisi tulikuwa tumeificha. Kuirudisha juu ya dokezo ilikuwa kazi ya nusu saa, na sidhani kwamba kuna nusu saa nyingine katika mradi huu iliyozaa matunda zaidi.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni ukaguzi wa majibu, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mchezaji anapotendewa haki au kudhulumiwa. Katika studio kuna binadamu wanaoamua kama jibu limekubaliwa. Sisi tulikuwa na ulinganisho wa herufi kwa herufi, na baadaye tukauboresha kwa kuondoa herufi kubwa, alama za uandishi, vibainishi vya Kiingereza vinavyotangulia nomino ("a", "an" na "the"), na maneno ya kuanzia swali kama vile "what is" na "who is". Kila uboreshaji ulikuwa na madhara yake. Bendi ya Uingereza iitwayo The Who, baada ya kuondolewa "the" na kisha "who", ilibaki bila herufi hata moja, na kwa kuwa jibu tupu lililingana na jibu tupu, mtu yeyote aliyebonyeza kitufe bila kuandika chochote alipewa pointi. Vitamini A na kundi la damu A yalipatwa na janga hilohilo, kwa kuwa "a" nayo ni kibainishi. Tulijifunza kwamba kila hatua ya usafishaji inapaswa kuulizwa kwanza kama itabakiza kitu, na ikiwa haitabakiza, iachwe.

Jibu lenyewe katika faili pia si neno moja la kulinganishwa. Mabano yana kazi zaidi ya moja: "(John) Adams" humaanisha kwamba jina la kwanza si lazima, kwa kuwa kipindi kwa kawaida hukubali jina la ukoo pekee, ilhali mabano yanayoanza na neno la Kiingereza la "au" hubeba jibu mbadala, na mengine hubeba maelezo ya mwandishi ambayo si sehemu ya jibu kabisa. Tuliandika kichanganuzi kidogo kinachotenganisha hali hizo, na pale kinaposhindwa, dokezo huwekwa pembeni lisubiri jicho la binadamu. Kulikuwa vilevile na mabaki ya lebo za HTML (lugha ya kupangia kurasa za wavuti), mikwaju ya nyuma iliyotangulia alama za nukuu, alama za nukuu zilizozunguka maneno yote ya dokezo, na viungo vya picha na sauti ambavyo havifunguki tena. Dokezo linalosema "anayeonekana hapa" huku picha haipo ni dokezo lililokufa, na hayo ndiyo pekee tuliyoyaondoa kwenye mchezo bila majadiliano, ingawa kwenye kumbukumbu yamebaki.

Kuhusu makosa ya tahajia, tulianza kwa kutumia umbali wa Levenshtein, yaani idadi ya herufi zinazopaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe jingine. Kipimo hiki, ambacho Vladimir Levenshtein alikitoa mwaka 1965, ni kizuri, ila hakijui chochote kuhusu dunia. Iran na Iraq zinatofautiana kwa herufi moja. Gambia na Zambia vivyo hivyo. Niger na Nigeria, Austria na Australia, zinatofautiana kwa mbili. Mwaka 1812 na mwaka 1912 vinatofautiana kwa tarakimu moja tu, lakini kati yake kuna karne nzima. Tulikuwa tukisamehe tofauti mbili kwa kila neno, na kwa hiyo tulikuwa tukimpa pointi mtu aliyezichanganya nchi mbili, wakati huohuo tukimnyima yule aliyeandika jina refu la Kirusi kwa tahajia nyingine inayokubalika. Suluhisho tulilolifikia halikutoka katika fomula bora zaidi bali katika data yenyewe. Kabla ya kumsamehe mchezaji, programu huuliza kama alichokiandika ni jibu kamili la dokezo jingine lolote katika mkusanyiko mzima. Kikiwa ni jibu la dokezo jingine, basi si kosa la tahajia. Ni jibu tofauti, na halisamehewi. Aliyeandika Iraq pale ilipotakiwa Iran alimaanisha Iraq. Aliyeandika neno lisilopatikana popote katika majibu yote hayo, na ambalo linakaribia sana jibu, yaelekea aliteleza kwenye kibodi. Tarakimu hazisamehewi kamwe, na maneno yenye herufi nne au pungufu hayasamehewi. Sijaona kanuni nyepesi kuliko hii inayotenda haki kwa kiasi hiki.

Baada ya hayo tulilijenga upya jedwali lote. Maneno ya awali ya faili yamehifadhiwa kama yalivyo na hayaguswi. Kila tunachokiongeza, iwe ni nafasi kwenye ubao, alama ya Daily Double au hukumu kuhusu kama jibu bado ni sahihi, kimo katika jedwali la pili lenye tarehe na sababu yake, ili mtu akitaka kutupinga aone tulichokiamua na siku tulipokiamua. Utambulisho wa kila dokezo haukutegemea tena namba inayoongezeka yenyewe katika kanzidata. Namba hizo zilikuwa zimetuponza: tulipohamisha data mara ya pili, kila dokezo lilipata namba mpya, na wasanidi waliokuwa wamehifadhi namba za zamani katika programu zao wakajikuta wakionyesha dokezo moja na jibu la jingine. Sasa utambulisho hukokotolewa kutokana na namba ya kipindi, raundi, kategoria na maneno ya dokezo, kwa hiyo hata tukiifuta kanzidata yote na kuanza upya, utarudi uleule. Njia ya kuleta dokezo la bahati nasibu, ambayo awali ilipanga upya jedwali lote kwa kila ombi, tuliibadilisha kwa safu ya namba nasibu yenye faharasa, inayoifanya kanzidata ilipate dokezo bila kupitia jedwali lote. Jibu halitumwi tena kwenye kivinjari pamoja na dokezo, kwa kuwa yeyote anayejua kufungua zana za kivinjari angeliona. Mchezaji hutuma alichoandika, na seva ndiyo inayokagua.

Hali ya kila dokezo kuhusu wakati tuliigawa katika makundi matatu: la kudumu, linalotegemea wakati, na lisilohakikiwa. Kuyatafuta yanayotegemea wakati hakuwezi kuachiwa mashine peke yake, lakini mashine inaweza kuelekeza jicho. Maneno ya Kiingereza yenye maana ya "sasa", "leo", "pekee", "mpya kuliko zote", "kubwa kuliko zote", pamoja na vyeo vya watawala na majina ya miji mikuu, yalitupatia orodha ya kuanzia. Kwa baadhi ya majibu tulipata msaada wa Wikidata, hazina huria ya data mtandaoni, ambako taarifa nyingi huwa na mwanzo na mwisho wake kupitia sifa za P580 na P582, na data yake imetolewa kwa matumizi huru ya CC0. Kazi hiyo bado inaendelea. Dokezo ambalo halijapitiwa linasema hivyo katika data tunayoirudisha, na msanidi anayeitumia API anaweza kuomba yaliyohakikiwa pekee.

Hapo tulikutana na swali la haki, ambalo tulipaswa kulitazama mwanzoni. Kwamba Galileo aliishi chini ya kifungo cha nyumbani katika miaka yake ya mwisho ni ukweli, na ukweli hauna mwenyewe; Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Feist ya mwaka 1991 ilieleza kwamba ukweli wenyewe haulindwi na hakimiliki, wala jasho la kuukusanya halitoshi kuuzalishia ulinzi. Lakini dokezo si ukweli mtupu. Limeandikwa na mwandishi aliyechagua maneno, akaficha jambo moja na kulifunua jingine, na maandishi ya namna hiyo ni kazi ya ubunifu. Kujifunza kwa kutumia faili lile katika kompyuta yako ni jambo moja, na kuyagawa maneno hayo kwa umma kupitia API ni jambo jingine. Tuliamua kwamba mkusanyiko huo utabaki kwa majaribio ya ndani na kwa mchezo wa kundi dogo la watu wanaotusaidia kuuhakiki, na kwamba API ya umma itatumia maswali yenye leseni ya wazi.

Chanzo tulichokichagua ni Open Trivia Database, ambayo maswali yake hutolewa kwa leseni ya CC BY-SA 4.0, yaani tunawajibika kutaja chanzo na kutoa kwa leseni hiyohiyo kile tunachokitengeneza kutokana nayo. API yake ni nyepesi na ina nidhamu: ombi moja huleta maswali yasiyozidi 50, anwani moja ya IP (namba inayotambulisha kompyuta kwenye mtandao) hairuhusiwi kuomba zaidi ya mara moja kwa kila sekunde tano, na ukitumia tokeni ya kikao, yaani msimbo unaokutambulisha kila unapoomba, hurudishiwi swali ulilokwishapewa. Usipobadilisha mpangilio, maandishi huja yakiwa na misimbo ya HTML mahali pa alama za nukuu, kwa hiyo ni lazima kuyafumbua kabla ya kuyaonyesha, nasi tunafumbua mara moja tu, wakati wa kupokea. Jibu sahihi na majibu ya uongo huja katika sehemu tofauti, na ni wajibu wa msanidi kuyachanganya.

Nilipoyatazama maswali ya kwanza yaliyofika kutoka huko, niliona kitu ambacho miezi michache kabla nisingekiona. Kila swali lilikuja na aina yake, ngazi yake ya ugumu, kategoria yake, swali lenyewe na majibu yake. Halikuwa na tarehe. Halikuwa na namba ya utambulisho. Umbo lake lilifanana kabisa na jedwali langu la kwanza, na wachangiaji wake, ambao ni watu wanaojitolea, walikuwa wameandika kwa nia njema mambo yaliyokuwa kweli siku walipoyaandika. Safari hii hatukusubiri malalamiko. Kila swali linapopokelewa hukokotolewa utambulisho kutokana na maneno yake, hupewa tarehe ya siku tulipolipokea, na huingia katika kundi la yasiyohakikiwa. Tarehe ya kupokea si tarehe ya kuandikwa, na data yetu inasema hivyo kwa jina la sehemu yenyewe, ili mtu asije akazichanganya. Lakini angalau inaweka mpaka wa juu, kwa kuwa swali haliwezi kuwa limeandikwa baada ya siku ambayo sisi tulikuwa nalo mkononi.

Dokezo la Sudan limerudishiwa jibu lake la awali. Mchezaji anapolifungua sasa huona kategoria, na chini yake tarehe ambayo dokezo lilirushwa, kabla hajasoma neno hata moja la dokezo lenyewe. Akijibu Sudan hupewa pointi. Akijibu Algeria hupewa pointi vilevile, pamoja na sentensi moja inayomweleza kilichotokea Julai 9, 2011.